Mfereji Uliosubiri Mashine

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, Noeli ikiwa inakaribia, niliposhuka bondeni chini ya kambi ya Dzaleka na kukuta kabichi zetu zimezama kwenye maji mpaka vichwani. Nilikuwa nimekuja na kisu cha kukatia, na kapu, na furaha ya mtu anayekwenda sokoni. Miaka imepita, meno mengine yamenitoka, lakini mwanangu, nikuambie ukweli, hasira ya asubuhi ile bado ninayo, na sijawahi kumwomba Mungu aniondolee.

Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia kikundi chenu cha wakulima, kile ambacho wewe ndiye mwenyekiti wake, kimetembelewa na watu wenye fulana za chama. Wamewaahidi pampu. Nimesikia pia kwamba baadhi yenu mmeshaanza kukosa siku za kazi, mnaisubiri hiyo pampu. Basi kaa. Chai ipo, na mimi siendi mahali.

Wakati ule tulikuwa wageni hapa. Dzaleka ilikuwa imetoka juzi tu kuwa gereza, mahali ambapo serikali ya zamani ya Malawi iliwatupa watu iliowaogopa, na sisi wakimbizi tukapewa kulala kwenye vyumba vile vile. Mimi na mume wangu Gaspari, Mungu amrehemu, tulitoka Rumonge, Burundi. Tulikuwa vijana, tumezoea kulima kando ya ziwa. Hapa tulipewa posho ya mahindi na maharage, na mkulima hawezi kukaa mwezi mzima akingoja kupimiwa maharage bila kuanza kugombana na jirani. Tuligombana sana.

Chifu wa kijiji cha jirani akatuonea huruma. Alikuwa na dimba, ndivyo Wamalawi wanavyoliita shamba la bondeni lenye unyevu, na maji yalikuwa yamelishinda. Akasema tulilime pamoja na watu wake, wenyeji na wakimbizi, ushirika mmoja. Sharti lake lilikuwa moja: mfereji unaozunguka dimba uwe safi wakati wote. Mfereji ule ulipokea maji ya mlimani na kuyapitisha pembeni mpaka mtoni. Ukiziba, maji yanaingia dimbani, kisha yanashuka kwenye mahindi ya kijiji kizima. Akatuambia wazi kwamba siku mahindi ya watu wake yatakapoharibika kwa uvivu wetu, dimba linarudi kwake. Hakuna aliyeweza kusema hakusikia.

Kwa hiyo kila Alhamisi ilikuwa siku ya mfereji. Aliyetuongoza alikuwa mzee wa kijiji hicho, Bambo Chimwaza. Bambo ni heshima tu, kama sisi tunavyosema baba. Kiswahili alikijua, maana ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Tanzania. Hakupiga kelele, hakuita majina. Aliingia mferejini upande wa juu, akaanza kuzoa mchanga na majani, na sisi tukajipanga kushuka chini yake. Asiyekuja Alhamisi hii, Alhamisi inayofuata alileta nsima, yaani ugali, ya watu wote. Kuna bwana mmoja alikosa mara nyingi hadi mkewe, kwa kuchoka kusonga nsima ya umati, akaja na jembe mwenyewe na kumwacha mume nyumbani na watoto. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Na dimba lilizaa, mwanangu. Tulipakia kabichi kwenye matola, zile pikapu zinazobeba watu na mizigo pamoja, tukazipeleka Lilongwe sokoni Kawale. Wanawake wa Kawale walituzoea. Walizipiga kabichi zetu kwa kiganja, wakasikia zilivyojaa, wakazichukua bila maneno mengi. Kwa mara ya kwanza tangu tukimbie kwetu, nilitembea mjini bila kuinamisha kichwa.

Sasa uelewe hali ya nchi. Serikali ya chama kimoja ilikuwa imeangushwa kwa kura, na Wamalawi walikuwa wanapumua. Walikuwa na haki ya kupumua. Huko nyuma mtu asiye na kadi ya chama alizuiwa kuingia sokoni, alishushwa kwenye basi, na watu walikusanywa kuchimba barabara wapende wasipende. Hayo siyafanyii mzaha. Ninachokasirikia ni kile kilichofuata, pale watu walipogundua kwamba uchungu huo wa wenzao unaweza kutumika kuombea kura.

Alikuja bwana mmoja kutoka Lilongwe, anaishi mtaa wa Area 23. Hakuwa mbunge, alikuwa mtu wa kampeni tu, lakini alipenda kuitwa mheshimiwa, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Gari lake lilikuwa na spika juu. Akasimama pale kijijini akasema kazi ya Alhamisi ni masalia ya udikteta. Akasema demokrasia haimwamshi mtu alfajiri kwenda kuzoa matope. Serikali mpya italeta mashine ya kuchimba mifereji, itapita bonde zima, na mkulima atakaa kivulini. Kisha akagawa fulana na kusema ushirika uchague kamati mpya, yenye watu wanaoelewa mabadiliko.

Wenyeji walipiga makofi. Unajua nani walipiga zaidi? Sisi. Wakimbizi, watu tusio na kura hata moja nchi hii, tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Tulitaka kuonekana kuwa na sisi ni watu wa hapa. Na tulikuwa na uchungu wetu wenyewe, maana kwetu pia kulikuwa na kazi za komine, yaani za serikali ya wilaya, unatolewa nyumbani kwa matusi kwenda kulima barabara ya mkubwa. Mheshimiwa hakutujua, lakini maneno yake yaliangukia mahali palepale panapouma. Gaspari alifanywa katibu wa kamati mpya. Alirudi nyumbani na fulana, uso unang'aa.

Nilimwambia mvua ziko karibu, mfereji umeanza kujaa. Akanijibu, "Mama Furaha, ile kazi ya komine njo ilitufukuza kwetu. Hapa iko demokrasia. Mashine itakuja." Nikamuuliza mashine aliiona wapi. Akasema mimi napenda kubisha.

Alhamisi iliyofuata walikuja watu wachache. Iliyofuata walikuja wachache zaidi. Hata adhabu ya nsima ikafa, maana kamati mpya ilisema ni uonevu. Mwishowe tulibaki Bambo Chimwaza, mimi, na wajane wawili wa kijijini. Mfereji ule ni mrefu. Watu wanne mnasafisha upande wa juu, na ukifika chini, wa juu umeshajaa tena. Vijana wa kamati walipita kando ya bonde na fulana zao wakatucheka, wakasema sisi bado tuko enzi ya kadi. Mzee aliendelea kuzoa mchanga. Mimi niliwajibu, na maneno niliyosema siyarudii mbele yako.

Ndipo mvua ikaja, ile ya siku tatu bila kupumzika, na maji yakafanya yale ambayo chifu alisema yatafanya. Yalijaza mfereji uliojaa mchanga tayari, yakamwagikia kabichi, yakashuka na mchanga wote kwenye mahindi ya kijiji yaliyokuwa yametoka kuota. Ilikuwa mbegu ya mwaka mzima. Niliwaona akina mama wakichimbua mchanga kwa mikono wakitafuta miche, na wengine wao ndio walionisaidia nilipojifungua Furaha. Niliona aibu kuwatazama.

Kamati ikaamua kwenda Lilongwe kumwona mheshimiwa. Nilikwenda nao, nilitaka kumsikia kwa masikio yangu. Tulishuka kwenye matola, tukatembea mpaka Area 23, tukakaa nje ya ukuta wake juani. Alichelewa kutoka. Alipotoka, mwanangu, alikuwa amevaa shati la rangi nyingine. Gaspari na wenzake walikuwa wamevaa fulana alizowapa yeye, wakidhani zitawafungulia mlango, na yeye alizitazama kama mtu aliyeonyeshwa nguo zake za zamani. Alikuwa amehamia chama kingine.

Gaspari alimweleza yote kwa adabu, kabichi, mahindi, sharti la chifu. Mheshimiwa alisikiliza kidogo. "Ile mashine ilikuwa ahadi ya chama kile," akasema. "Kaulizeni kwao. Mimi siko huko tena." Kisha akatutazama vizuri, akasikia lafudhi zetu, akauliza, "Na nyinyi mnapiga kura wapi?"

Hakungoja jibu. Akaingia ndani. Alitutafuta alipotaka makofi, na alipomaliza haja yake akakumbuka kwamba sisi si wapiga kura. Mahindi ya wapiga kura wenyewe yalikuwa chini ya mchanga na hakuyaulizia pia. Mimi nasema mpaka leo kwamba mtu kama huyo ni mwizi, hata kama hakuchukua kitu cha mtu na kukiweka mfukoni.

Chifu alituita. Walikuja watu wa kijiji kizima na sisi wakimbizi, tukakaa chini mbele ya nyumba yake. Wengine walimlaumu mheshimiwa, wengine serikali, wengine mvua. Gaspari naye akasimama, akasema tulidanganywa, na kwamba hata hivyo watu wamechoka na kazi za kulazimishwa. Hapo Bambo Chimwaza akaomba ruhusa ya kusema. Sikuwahi kumsikia akisema mbele ya watu. Alimgeukia mume wangu, akamwambia kwa Kiswahili ili sisi sote tuelewe.

"Gaspari, kile chumba unacholala na mke wako, mimi nimelala humo. Nilifungwa kwa sababu niliishi Tanzania, wakasema nimerudi na siasa. Kila alfajiri walitutoa na bunduki tukalime mashamba, na hatukula hata jani moja. Kazi ya kulazimishwa naijua mimi. Mfereji ulikuwa wa chakula chako, na aliyekosa alipika nsima tu. Yule bwana alikuja akaita vyote viwili utumwa. Mimi niliyefanya vyote viwili nilikuwepo hapa hapa, kila Alhamisi, na hakuna mmoja wenu aliyekuja kuniuliza."

Akakaa. Gaspari alibaki amesimama, hajui aweke wapi mikono. Mimi nililia, na sikulia kwa kabichi. Tulikuwa tumelala mahali pa mateso ya mzee yule, tukafanya naye kazi msimu mzima, na tukamwamini mtu wa spika kuhusu mateso hayo hayo. Chifu alisema zikomo, yaani asante, kwa kuja, na dimba likarudi kwake siku ile. Ushirika ukaisha. Wakimbizi tukarudi kwenye foleni ya maharage, na wenyeji wakanunua unga kwa bei ya njaa mpaka mavuno ya mwaka uliofuata. Bonde likaota matete.

Sasa nakupa maneno yangu, na uyashike. Serikali zitabadilika, na ni vizuri zibadilike, lakini magugu hayasubiri matokeo ya kura. Siku yenu ya kazi iwe Alhamisi ile ile, atawale nani. Mtu wa chama asiwe kiongozi wa ushirika, na kiongozi wa ushirika asipokee fulana ya mtu. Akija mwenye ahadi ya pampu, mpokeeni, mpeni maji, mwambieni ailete kwanza, na wakati anakwenda kuileta nyinyi endeleeni kumwagilia kwa ndoo. Akiwaambia kwamba jambo fulani ni utumwa, au ni uhuru, mtafuteni kwanza mtu aliyewahi kulipitia, yuko kati yenu, mmuulize. Na fulana mlizopewa, warudishieni wenyewe kesho, mbele ya watu, kwa adabu. Ukiogopa kwenda peke yako, nipitie hapa. Miguu inauma lakini nitakwenda.

Mungu akupe mavuno unayoyala bila kumshukuru mwanasiasa. Akupe wenzako wanaofika siku ya kazi bila kuitwa, na akulinde usije ukakaa juani nje ya ukuta wa mtu ukiomba kile ambacho mikono yako iliweza kukifanya. Nenda sasa, kesho ni Alhamisi.