Mkwaruzo kwenye Benchi

Nimeingia katika kanisa hili la kale, kijijini Uingereza, kutuliza akili baada ya tasnifu yangu kukataliwa, na harufu ya nta ya mbao imenirudisha mtaa wa Umbilo. Huko Durban sisi waumini wakimbizi tuliazimwa kanisa la mawe kila Jumapili alasiri kwa sharti moja: tusiache alama yoyote. Siku ile ngoma niliyoibeba ilikwaruza benchi.

“Maman, watatufukuza?”

“Nyamaza, shika kitambaa,” alijibu mama, aliyekuwa msusi, akichovya brashi katika rangi ya nywele. “Mbao nayo iko na mvi. Hii ni kazi yangu.”

Alipaka taratibu, akafuta, akaongeza nta. Ndipo mzee mwenye funguo za kanisa akaingia. Mama hakuficha, alimwonyesha mahali penyewe. Mzee alipapasa mara tatu, nilihesabu, asiuone mkwaruzo. Kisha akaelekeza kidole kwenye benchi la mbele, lenye mikwaruzo ya zamani, akauliza kama mama angeweza kulitengeneza na lile.

Leo nimepapasa mabenchi haya ya karne nyingi, moja baada ya jingine. Ni mazuri mno. Mikwaruzo yake yote naiona; mikono ya mama haikufika hapa.