Wazee wa posa yangu walivyopotezwa na maua ya mama

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekumbuka jambo nikacheka peke yangu jikoni, nikaona siwezi kukaa nalo. Chumvi sijatia hata punje.

Ni Songea, Msamala, ile miaka ya ruksa, maduka ya watu binafsi yanaota kila kona. Mchumba wangu anauza mitumba Mfaranyaki, na mimi nampenda hatari!

Sasa mama yangu alikuwa na ugonjwa wa maua. Nyumba aliizungushia duranta, kile kichaka cha maua ya zambarau kinachozaa vitunda vya njano. (Msile, vina sumu.) Na hakuwa mchoyo. Ukisifia tu, unaondoka na vipandikizi. Mtaa mzima ukawa zambarau.

Siku ya posa, mchumba akawaelekeza wazee wake: "Kwa Mzee Komba, penye maua ya zambarau na vitunda vya njano."

Wana Ruvuma mnajua akina Komba tulivyo wengi. Jirani wa nyumba ya tatu naye ni Komba. Naye ana duranta. Naye ana binti!

Sisi tumepika, baba kavaa koti, tunasubiri. Kimya. Mama kuchungulia, wazee wanne wako barazani kwa jirani, wanacheka, na kuku anakimbizwa.

Baba akagoma kwenda. "Baba mtu hafuati posa. Itaonekana namnadi mwanangu."

Jamani, binti anayeposwa hatakiwi hata kuonekana. Lakini nikizubaa nimekwisha! Nikakata tawi lililojaa vitunda, mbio kwa jirani, nikapiga goti.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti."

"Babu, mlielekezwa penye maua tu, au na vitunda?"

Mshenga akatazama tawi langu, akatazama ua wa jirani. Ulikuwa mchanga bado, maua matupu.

"Na vitunda," akasema taratibu. "Kwa hiyo wewe ndiye..."

"Ndiye mimi."

Walicheka mpaka mmoja akadondosha kofia. Jirani naye, muungwana yule, akacheka, akawasindikiza mpaka kwetu na kuku wake mkononi. Posa ikapokelewa siku hiyohiyo!

Mabinti wa humu, adabu ni kitu kizuri sana. Ila siku ile ningekaa nayo jikoni, ningealikwa kwenye harusi ya mume wangu kama jirani wa bibi harusi.

Haya, nani mwingine posa yake ilipotea njia? Mwageni hapa, nasoma zote.