Siku Nilipopanga Fomu za Wenzangu kwa Alfabeti

Aibu ya jambo hili bado inaniwasha, lakini kwa kuwa mmeshalisikia kwa watu, tena limetiwa chumvi, afadhali mlisikie kwangu. Mimi Abedi, fundi redio wa mtaa wa Birere, miaka arobaini na sita, niliyejisomea fizikia peke yangu kwa vitabu vya mitumba hadi mwaka huu nikajiandikisha chuo, nilitaka kozi moja tu ya hiari: mitetemo ya ardhi. (Kuishi chini ya volkano bila kujua inasema nini kumenichosha.) Nafasi zilikuwa kumi na mbili, na karibu darasa zima liliitaka hiyo hiyo.

Nilifika kwenye ofisi ya sekretari asubuhi, dirisha limefungwa, hakuna mtu, ila chini kulikuwa na fomu za kozi kama thelathini, kila moja imekaliwa na jiwe la lava, zimelala ovyo kwa kupindapinda hadi dirishani. Nikafikiri wenzangu wamemwachia sekretari azipange. Mimi nikiona karatasi ovyo mkono hautulii: nikaziokota zote, nikazipanga kwa alfabeti, yangu nikaitia mahali pake, nikaziweka dirishani, nikajipongeza. (Kwenye robine ya mtaa, tunakochota maji, bido, yale madumu ya plastiki, hushika mstari kwa niaba ya wenyewe, hilo nalijua tangu utoto, lakini karatasi? Haikunijia.)

Wanafunzi wakarudi kutoka kunywa chai.

"Nani ametosha mawe juu ya fomu?"

"Ni mimi. Nimewapangia vizuri."

"Muzee! Ile ilikuwa mustari yetu!"

Mkuu wa darasa akauliza nani alikuwa wa kwanza, watu tisa wakajibu "mimi". Mlinzi akasema ni Zawadi, msichana aliyetoka Kanyaruchinya, nje ya mji, kwa mguu alfajiri. Waliomfuata hakuna aliyewajua. Wakanigeukia mimi, ninayeandika hata tarehe ya kubadili betri ya saa, na sikuwa nimeandika kitu. Nikaanza kurudisha mawe chini, kana kwamba mawe yangekumbuka.

"Muangalie jina ya kwanza! Abedi! Papa amejitia mbele!"

"Ni alfabeti," nikasema.

"Alfabeti ya kwenu!"

Wakacheka, ila si wote. Dirisha likafunguka, mama sekretari akachukua lundo. "Mimi naandika vile nakuta," akasema, akaanza na mimi. Nafasi kumi na mbili ziliisha kwenye herufi K. Zawadi akainama kukaza kamba za viatu kwa safari ya kurudi, na hilo ndilo lililonishinda.

"Mama, unifute mimi, uandike Zawadi."

"Papa, uko na hakika?"

Asubuhi ile sikuwa na hakika na kitu chochote.

Nikapewa kozi ya joto, ambayo nilishajisomea mara tatu. Kila Alhamisi nakaa pale nikijua jibu kabla ya swali, na nyuma ya ukuta nawasikia wale kumi na wawili wakiruka kwa pamoja ili kutikisa mashine yao ya kupimia mitetemo, na sauti ya Zawadi ikihesabu: moja, mbili, tatu. Karatasi ya mtu, hata ikilala kwenye tope, sitaigusa tena kabla ya kumuuliza mwenyewe.