Nyufa Zilizotoweka Kisaju

Jana nilihesabu nyufa tisa kwa macho yangu. Leo mashine ya leza imeona mbili.

Ni ukuta uleule wa machimbo ya mawe hapa Kisaju, na wachongaji hushinda chini yake. Ripoti yangu ndiyo itakayoamua kama wataendelea.

Nikagusa mwamba. Kidole kilirudi na samadi mbichi.

"Tulipaka tu, injinia," msimamizi akasema. "Hata nyumba hupakwa mgeni akija."

(Huenda. Nyumba nyingi huku hukandikwa hivyo.)

Nilikaribia kumwamini. Nikamwomba asimame chini ya ukuta nimpige picha.

"Hapo hapana, injinia. Wacha nisimame huku."

Ripoti bado haina sahihi. Wenzangu, ninyi mngetia?