Dirisha la Paskalina

Mzee Hermani alifukuza ng'ombe kwenye kiwanja cha ndege cha Yaeda Chini karibu nusu ya maisha yake, na hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Ulipomuuliza kwa nini, alikujibu kwamba ndege ilikuwa ya wagonjwa na yeye alikuwa mzima. Jibu zuri, na watu waliridhika nalo.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Ndege ndogo ya kliniki ilileta chanjo na nesi, ikitua kwenye kipande cha ardhi kilichosawazishwa, chenye nyasi fupi pembeni. Sasa, duniani hakuna nyasi ambazo ng'ombe wa jirani yake Gidahosh walizipenda kama zile. Bonde zima la Yaeda liko wazi mbele yao, lakini wao ni pale pale tu, katikati ya kiwanja, wanatafuna na kumkodolea Hermani macho. Kwa hiyo rubani, Kapteni Joakimu, alipita kwanza chini chini bila kutua, ili Hermani apate nafasi ya kuwaswaga. Kiwanja kikishakuwa kitupu, Hermani alisimama mwisho wake na kupunga kitambaa cheupe, nusu ya shuka kuukuu la zahanati. Rubani akikiona kitambaa, anageuka na kutua. Asipokiona, hatui. Wakati wa kuruka ilikuwa hivyo hivyo.

Mkewe, Paskalina, hakuacha ndege hata moja ipite bila kutoka nje. Awe anasonga ugali, awe ananyonyesha, mlio ukisikika tu huyo yuko uani, mwiko mkononi, shingo imepinda kuangalia juu.

"Siku moja na mimi nitaiona nyumba yetu kutoka kule," alisema.

"Utaona nini? Bati lenye kutu," Hermani alimtania.

"Hata hiyo kutu nataka kuiona."

Akapanda kweli, lakini siku ambayo hakuna aliyeiomba. Ilikuwa masika, barabara ya kupanda Mbulu imekatwa na maji, na tumbo lilimshika Paskalina mpaka akashindwa kusimama. Ndege ikaitwa. Nafasi ilikuwa ya rubani, nesi na machela, basi. Hermani alikuwa amemshika mkono mkewe kando ya kiwanja, nesi akitafuta mshipa wa dripu, alipoinua macho akaona ng'ombe wa Gidahosh wamerudi. Angefanya nini? Aliuachia mkono, akakimbia. Aliwaswaga mpaka mwisho wa kiwanja, akihema, na alipogeuka mlango wa ndege ulikuwa umeshafungwa. Hawakuagana. Alichoweza kufanya ni kuinua kitambaa na kukipunga, kama siku zote.

Ndege ilimpita juu ya kichwa, ikazunguka kiwanja mara moja kwa upande wa kushoto, kama ilivyokuwa desturi ya Kapteni Joakimu, kisha ikashika njia yake. Kwenye ule mzunguko kitambaa hakikuwa na kazi tena, maana ndege ilikuwa imesharuka. Lakini Hermani aliendelea kukipunga. Ule mzunguko alimpungia mkewe.

Paskalina alifariki hospitalini. Hermani alifika kwa miguu na kwa trekta ya watu, akamkuta ameshafunikwa.

Tangu siku ile alibaki na swali moja. Je, aliniona? Alimuuliza Kapteni Joakimu, naye, mtu mwema, hakutaka kumdanganya. "Mzee wangu, mimi nilikuwa naangalia mbele." Nesi alisema alikuwa ameinamia dripu, anachokumbuka ni kwamba mgonjwa alilala kwa ubavu wa kushoto, uso dirishani, na macho yalikuwa wazi. Hilo tu. Kama mtu aliye chini anaonekana kutoka kule juu, nani angemwambia? Wote aliowafahamu walikuwa watu wa chini kama yeye.

Miaka ikapita. Ndege ikaacha kuja, nyasi zikapata uhuru wao, na Hermani, magoti yakiwa yameanza kugoma, akahamia Katesh kwa binti yake Scolastica. Binti huyo alikuwa mdogo mama yake alipofariki, akalelewa na bibi yake kule Endagikot. Sasa alikuwa na kibanda cha gemu nyuma ya soko, mahali vijana wanapocheza mpira wa kwenye skrini na kugombana kwelikweli kwa ajili ya magoli yasiyokuwepo. Mwaka huo akaleta kutoka Arusha kitu kipya: miwani ya VR, ile mikubwa inayoziba macho yote, ukiivaa unajiona uko ndani ya mchezo. Kati ya michezo iliyokuja nayo, mmoja ulikuwa wa kurusha ndege.

Hermani aliwaangalia vijana wakirusha na kuanguka wiki nzima. Jumapili, baada ya misa, kibanda kikiwa bado hakijafunguliwa, akamwambia binti yake, "Skola, hebu nivalishe na mimi."

Scolastica alidhani baba yake anatania. Alipoona hatanii, alimwekea kiti cha mbao kisichoyumba, akasogeza meza mbali ili asigonge mikono, akawasha feni impulize usoni. Miwani ya mzee ya kusomea ilikuwa inabanwa, ikabidi aweke kile kipande cha plastiki cha kuiachia nafasi. Mzee alivua kofia kabla ya kuvalishwa, kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

"Baba, sikiliza. Ukisikia tumbo linageuka, fumba macho, uvue. Usijitie ushujaa."

"Mimi? Nimekaa na ndege kabla wewe hujazaliwa."

Akajitia ushujaa. Ardhi ilipoachana na magurudumu, alikunja miguu yote miwili kitini. Ndege ilipolala upande, yeye naye akalala upande, na baada ya hapo chai yote ya asubuhi ilirudi mlangoni kwa Scolastica.

Kwa hiyo wakaanza upya, taratibu. Siku za kwanza alikaa tu ndani ya ndege iliyozimwa, akigeuza kichwa kuangalia bawa la huku na bawa la kule. Halafu akatembea nayo barabarani bila kuruka. Halafu akaruka kidogo na kuvua kabla kichwa hakijalalamika. Scolastica alimfundisha kukaza macho mbali, pale mbingu inapokutana na ardhi, na kushika usukani wa mezani kwa vidole, asiukabe kama pembe za ng'ombe. Tumbo likazoea. Kufikia mavuno ya maharage mzee alikuwa anaruka na kutua vizuri kuliko nusu ya wateja.

Ila alikuwa na kasoro moja. Hakutua kamwe mara ya kwanza. Apelekwe kiwanja kikubwa cha lami chenye taa na uzio, yeye atakishukia chini chini, atapita, atapaa tena, azunguke, ndipo atue. Vijana walijipiga mapaja kwa kicheko.

"Babu, tua! Njia nyeupe!"

"Subirini. Nawapa muda waondoe ng'ombe."

"Ng'ombe gani, babu? Hii ni Ulaya!"

"Kwani Ulaya hawafugi?"

Scolastica alicheka pamoja nao. Hakujua bado kwamba baba yake alikuwa anajifunza kwa sababu moja tu, na kila alipopita chini chini alikuwa anachungulia kama kuna mtu.

Siku ikafika akasema, "Nipeleke Yaeda."

Mchezo ule ulikuwa na ramani ya dunia yote, iliyotengenezwa kwa picha za kutoka angani. Scolastica alimweka hewani juu ya Katesh, mlima Hanang ukiwa upande wao wa kulia, na Hermani akarusha mwenyewe. Akavuka weupe wa chumvi ya ziwa Balangida. Akapita juu ya mashamba ya watu, yamepangana kama viraka. Halafu ardhi ikaanguka ghafla, bonde likafunguka, na mzee akainama mbele kitini. Kiwanja chake hakikuwemo kwenye orodha ya mchezo, lakini mstari wake wa kahawia ulikuwepo. Aliushukia. Alipita mara moja. Akapita tena. Mara ya tatu alivua miwani angali hewani, na ndege ikaachwa ijiangukie kivyake.

"Watu wako wapi?"

"Baba, huu mchezo hauweki watu. Unaweka ardhi tu, na majengo kidogo."

"Basi hauwezi kuniambia."

"Kukuambia nini?"

Hapo ndipo Hermani alipomwambia. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine isipokuwa rubani na nesi. Alieleza habari ya mkono aliouachia, ng'ombe, mlango uliofungwa, na kitambaa. Alieleza akiangalia sakafu, kwa sauti ya kawaida, kama anatoa taarifa ya kazi. Scolastica alilia. Alikuwa amekua akijua kwamba mama yake alipelekwa na ndege akafa, na hakuwahi kufikiria kwamba upande wa pili wa habari hiyo kuna mwanamume amesimama mwisho wa kiwanja, anapunga, na hajashusha mkono mpaka leo.

"Nipe siku chache, baba," alisema.

Mchezo ulimruhusu mtu kuongeza vitu vyake kwenye ardhi, na vijana wa mtandaoni walikuwa wameshaweka twiga, malori, hata makanisa. Scolastica alijifunza kwao. Akapata mfano wa mtu aliyesimama, mkono juu. Akamwonyesha baba yake kwenye skrini, naye akamkagua kama anayenunua ndama.

"Mrefu huyu. Amenizidi."

"Kidogo tu, baba. Ili aonekane."

"Hapana, Skola. Usinikuze. Ukinikuza nitaona uongo."

Ikabidi waazime futi ya kamba kwa Mectilda, fundi cherehani wa jirani. Mzee alisimama ukutani bila viatu akapimwa. Kisha akaingia chumbani, akarudi na kitambaa chenyewe, kimekunjwa vizuri, kimegeuka rangi ya maziwa, na nacho kikapimwa urefu na upana. Scolastica aliandika kila kipimo kwenye mchezo bila kuongeza hata kidole.

Asubuhi ya Jumapili nyingine alimwekea kiti, akawasha feni, akasogeza usukani. Hermani akatikisa kichwa.

"Leo endesha wewe. Mimi nitakaa alikokaa yeye."

Scolastica akauhamishia usukani kwake, na kwenye mchezo akauhamisha mtazamo wa baba yake kutoka kiti cha mbele mpaka nyuma, kushoto, karibu na dirisha. Mzee akavua kofia. Akajilaza kwenye benchi la wateja, kwa ubavu wa kushoto, na binti yake akamvalisha miwani kwa uangalifu, akikaza mkanda nyuma ya mvi zake.

"Uko tayari, baba?"

"Nenda."

Aliona bawa kwanza. Bawa na mguu wa ndege na ardhi ya kahawia inayokimbia. Kisha ardhi ikaachia, mtikisiko ukaisha, na dirishani kukawa na mbingu tupu. Mbingu tu. Basi ni hivi, alijiambia, aliona mbingu tu, na mimi kule chini najichosha.

"Nazunguka sasa," Scolastica alisema. "Kushoto, kama Kapteni."

Bawa likainama. Mbingu ikapanda juu ikatoka dirishani, na bonde likaingia lote: miti ya miiba, njia za ng'ombe, mstari wa kiwanja. Na mwisho wa mstari huo, kitu cheupe.

Kilikuwa kidogo, kidogo kabisa, kama punje ya mchele iliyodondoka kwenye udongo. Uso haukuonekana, wala mkono. Lakini huwezi kukikosa. Katika kahawia yote ile hakukuwa na cheupe kingine, na Yaeda nzima hakukuwa na mtu mwingine wa kusimama mahali pale na kitambaa cheupe isipokuwa mmoja, na Paskalina alikuwa amekifua kitambaa hicho kwa mikono yake. Mwanamke ambaye hakuacha ndege ipite bila kutoka nje, macho wazi, uso dirishani. Angeangalia wapi kwingine?

"Anaonekana," Hermani alisema. "Skola. Mama yako aliniona."

"Ndiyo, baba."

"Zunguka tena."

Scolastica alizunguka tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafutia, maana alishika usukani kwa mikono yote miwili, akiogopa kumtikisa mgonjwa wake.

Pale benchini, mzee Hermani aliutoa mkono wake wa kulia ubavuni, akauinua taratibu mpaka usawa wa dirisha, akampungia yule mtu aliye chini.