Power supply ya bei nafuu ilivyojaribiwa kwenye soketi ya Hajji, Mbale

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu kama power supply ya bei ya chini inafaa kununuliwa. Wengi mlimjibu aangalie kama feni inazunguka. Jibu hilo nililisikia miaka ya tisini, na nikaona mwisho wake. Nasimulia nilichokiona, bila chumvi.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na televisheni Nalufenya, Jinja. Umeme sikuusomea chuoni. Nilijifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa na kuvilinganisha na vizima.

Basi nikaitwa Mbale na afande Opio. Huyu alikuwa mstaafu wa magereza, mtu wa kaskazini, aliyefungua ofisi ya kuchapa kazi za watu kwenye mtaa wa Nkoma, humo humo Mbale. Kompyuta yake ilikuwa moja tu.

Power supply yake ilikufa ghafla. Kwa wasioifahamu, ni lile boksi la chuma linalogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa kompyuta. Ikiharibika vibaya inaweza kuua kila kilichounganishwa nayo.

Na ndani ya diski kulikuwa na ripoti za wanafunzi za kumaliza masomo, bado hazijachapwa kwenye karatasi. Nakala nyingine haikuwepo. Diski ikiungua, wanafunzi wamepoteza kazi yao, na afande hana ofisi tena.

Nilimkuta mjini, dukani kwa rafiki yake Hajji, muuza vifaa vya umeme. Power supply mpya alishaishika mkononi.

"Fundi, shika mwenyewe," akaniambia. "Hii kitu iko nzito. Kitu nzito ni kitu mzuri."

"Uzito huo ni wa bati la nje, afande."

Hajji akacheka. "Bwana, umetoka Jinja yote hiyo kuja kutukana mzigo wangu, hata chai hujanywa?"

Hapa nieleze jambo moja. Maduka ya kule yalikuwa na soketi juu ya kaunta. Ukinunua balbu au pasi, inachomekwa pale kwanza ndipo unaichukua. Sheria haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua: kitu kikifa kwenye soketi ya duka, hasara ni ya mwenye duka. Kikishavuka mlango, ni shauri lako.

Hajji akachomeka. Feni ikazunguka. Afande akaweka kiganja nyuma yake.

"Upepo uko. Funga, twende."

Nikaomba tochi na ile power supply ya zamani, ambayo afande alikuja nayo kwenye mfuko. Niliifungua ya zamani, kisha nikaichungulia mpya kupitia matundu yake.

Tofauti haikujificha. Zile kapasita mbili kubwa za kutunza umeme, kwenye ya zamani zilikuwa nene kama betri kubwa za tochi. Kwenye mpya zilikuwa kama kidole changu. Mahali pa koili ya kuchuja umeme palikuwa na alama yake kwenye bodi, lakini koili haipo, wameunga kipande cha waya. Bati la kupoza transista lilikuwa jembamba kama la kopo la maziwa. Na bado kibandiko chake kiliahidi wati nyingi kuliko ya zamani.

Hata hivyo sikusema ni mbovu. Macho yanakupa shaka tu. Uhakika unaupata ukikipa kifaa kazi.

Nikamwomba Hajji balbu ya gari ya volti kumi na mbili niiunge kwenye waya wa njano, na ya pikipiki ya volti sita kwenye waya mwekundu, ambao hutoa volti tano. Hajji akaacha kucheka.

"Kompyuta ina taa za gari?"

"Kompyuta inakula umeme, Hajji. Hizi balbu zitakula badala yake. Zote mbili hazifiki hata nusu ya kilichoandikwa hapa."

"Na ikifa?"

Sheria aliijua kuliko mimi. Aliyejibu ni afande, ambaye sasa haraka ilikuwa imemwisha.

"Hajji, kama iko nzima unaogopa nini? Unatoka jasho kama mahabusu."

Wateja wakacheka. Hajji akachomeka kwa mkono wake mwenyewe.

Balbu ziliwaka vizuri kwa muda. Kisha ya gari ikaanza kufifia, na mita yangu ya kupimia volti, niliyoiweka kwenye waya wa njano, ikashuka chini ya kumi. Ikaja harufu ya vanishi inayoungua. Halafu ile ya pikipiki ikawaka kwa ukali mweupe, ikakatika. Pakasikika mlio mkavu, moshi, na feni ikasimama.

Ule mwako mweupe, wakuu, ulikuwa volti zilizopanda kupita kiasi, na ndizo zingepita kwenye diski ya afande.

Hajji aliitazama kidogo. "Imefia kwangu. Ni yangu." Akateremsha na maboksi mengine ya aina ile kutoka kwenye rafu. Hakunilaumu, na mimi sikumlaumu. Naye aliuziwa kama alivyotaka kutuuzia.

Ile ya zamani nilirudi nayo Jinja. Bodi yake ilikuwa imara. Nilibadilisha fyuzi na transista mbili, nikaiungia balbu kama zile, nikaiacha ifanye kazi mchana kutwa. Volti hazikuyumba. Ndipo nikairudisha Nkoma.

Kompyuta ilipowaka, afande aliinamia printa mpaka ilipotema ukurasa wa kwanza wa ripoti.

"Chapa yote," akasema. "Kila moja nakala mbili."

Nilichojifunza: feni ni mzigo mdogo mno kuwa ushahidi. Chungulia kapasita, koili na bati la kupoza, kisha ijaribu kwa mzigo wa kweli kabla hujaikaribisha kwenye motherboard, ile bodi kuu ya kompyuta. Kama hujazoea, usifungue boksi lenyewe, maana kapasita hubaki na umeme hata ukishachomoa.

Mafundi wa humu, ninyi mnatumia mzigo gani kujaribu? Na kama kuna aliyeona kosa kwenye njia yangu, anisahihishe hapa hapa.