Tulimsindikiza Akinyi Uwanja wa Ndege

Nakumbuka mchana mmoja wa Jumamosi, mwanangu, nilipomkuta Kawangware, akianika mashuka ya watu, mtu ambaye sote tulijua yuko Lebanon. Miaka imepita, nimezika wazazi na nimelea wajukuu, lakini nikiisimulia siku ile bado mwili hunisisimka.

Ngoja nikuanzie mwanzo, maana jambo hili si la kumezwa bila kutafunwa.

Akinyi alikuwa rafiki yangu. Tuliishi ploti moja katika kijiji cha Raila, kule Kibera, mlango wake ukitazamana na wangu. Mimi nilikuwa nikijifunza cherehani, yeye alimsaidia mama yake kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Basi akarudi msichana mmoja wa jirani, Milka, kutoka Lebanon. Alirudi na miwani ya jua na ngozi laini kama ya mtoto, akaweka stuli mlangoni, na sisi tukamzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama. Hakutueleza alifanya kazi gani huko, na hakuna aliyemuuliza. Kuanzia siku hiyo Akinyi hakuwa na wimbo mwingine.

Nilimuuliza, "Lebanon kuna nini?"

"Si umeona vile Milka amerudi?"

"Nimeona. Lakini wewe unaenda kufanya nini?"

"Aki, Nafula, maswali mingi! Kazi nitaijulia huko."

Bendera hufuata upepo. Angerudi Milka kutoka Uchina, Akinyi angetaka Uchina.

Wakala akapatikana, karatasi zikatengenezwa, siku ikafika. Mwanangu, tulimsindikiza! Akina mama wa kanisa walifunga vitambaa vyao vyeupe, tukakodi gari, tukaimba kutoka Kibera hadi uwanja wa ndege. Mama Akinyi ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote. Tukaomba tukiwa tumeshikana mikono pale nje, watu wakitutazama. Akinyi akaingia mlangoni na sanduku lake, akageuka akatupungia, akapotelea ndani. Tulirudi nyumbani tumekauka koo, na furaha utadhani tumesafiri sote.

Baadaye simu zikaanza kuingia. Namba haikuonekana, nasi tukasema ndivyo zilivyo simu za ng'ambo. Mama Akinyi alikuwa akiweka sauti juu ili majirani tusikie. "Huku kuna joto, mama. Nyumba ya mwajiri ina ngazi ndani. Nimezoea chakula chao." Tulishangilia. Wasichana wengine wawili wa ploti yetu wakaanza kumtafuta wakala yule, lakini hakuonekana tena.

Sasa turudi kwa ile Jumamosi. Fundi wangu alinituma Kawangware kupeleka sare za shule kwa mteja. Nilitoka Raila kwa miguu, nikavuka barabara ya Ngong, nikaingia Kawangware nikikata katikati ya maploti. Kwenye uwanja mmoja mdogo, kati ya kamba za nguo, mwanamke alikuwa ameinamia beseni. Akainuka na shuka mkononi, akalikung'uta, akageuka.

Nilipiga yowe. Mzigo wa sare uliniponyoka ukaanguka kwenye tope. Nilidhani Akinyi amekufa huko aliko na huu ni mzuka wake umekuja kuniaga. Nikashika ukuta wa mabati.

"Akinyi?"

Alinirukia akaniziba mdomo kwa kiganja kilicholowa povu. "Shh! Usiniite hilo jina. Huku mimi ni Joyce."

"Umerudi lini?"

"Sikuwahi kuenda, Nafula."

Aliniketisha juu ya ndoo akanieleza. Kule ndani ya uwanja wa ndege maofisa walimwambia karatasi zake ni bandia, wakamrudisha. Alijifungia chooni akilia, huku akisikia nyimbo zetu nje. Alingoja mpaka zikanyamaza. Alipotoka hatukuwepo. Akapanda gari, lakini lilipofika mjini miguu ilikataa kumpeleka Kibera. Akapanda jingine, akashuka hapa Kawangware asipojuana na mtu, na tangu hapo akawa anafua nguo za watu nyumba kwa nyumba, umbali ambao mama yake angeutembea asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

"Ningerudi aje?" aliniuliza. "Mliniimbia. Ningepita njia gani na hilo sanduku?"

Mikono yake ilikuwa imechubuka na sabuni, na shingo imekonda hata mishipa ilionekana. Kilichonitisha zaidi ni kwamba alianza kunieleza habari za nyumba yenye ngazi, kana kwamba amesahau kwamba mimi nimeketi hapo juu ya ndoo yake. Akashtuka, akarudi kwenye beseni lake.

Sikwenda kwetu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenye ploti yetu, mama mmoja Mnubi tuliyemwita Haboba Zena. Haboba kwa Kinubi, lugha yao, ni nyanya, mama wa mzazi. Nilimmwagia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikazia macho.

"Umepita mlango wa mama yake ukaja kwangu?"

"Haboba, naogopa. Itamuua."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Habari ya mtoto ina mwenyewe, Nafula. Ukiipeleka kwingine kwanza, huo ni umbeya hata kama unalia. Inuka uende."

Nikaenda. Mama Akinyi alikuwa akipepeta omena kwenye ungo. Nikapiga magoti, nikamwambia. Nilitarajia mayowe. Nilitarajia aanguke. Aliendelea kupepeta.

"Najua," akasema.

Mwanangu, hapo ndipo nilipopigwa na butwaa la pili, kubwa kuliko lile la kwanza.

"Unajua, Mama?"

"Wakati wa mvua alinipigia. Radi ikapiga juu ya hii mabati, na nikaisikia hiyo hiyo kwa simu. Mvua ya mawe ikaanza hapa, ikaanza na kwake. Akaniambia huko ni jua kali. Nikamwambia ajipake mafuta." Akaweka ungo chini. "Ile sauti nilikuwa naweka juu ni ili msiulize. Mimi ndio niliimba kushinda wote. Nikasema wacha nimngojee, atachoka arudi. Kumbe na yeye alikuwa anangoja mimi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kesho yake, baada ya kanisa, nilimpeleka. Alitembea polepole kwa sababu ya magoti yake. Akinyi alipomwona alidondosha nguo akataka kukimbia, lakini uwanja ule ulikuwa na njia moja tu, na mama yake alikuwa amesimama katikati yake.

"Akinyi, chukua sanduku lako."

"Mama, watu watasema."

"Waseme. Mimi nimechoka kusikia habari za joto."

Wakashikana wakalia, na mimi nikalia nao. Tukarudi Raila mchana kweupe, kwa njia kubwa, si vichochoroni. Watu walitoka milangoni, vinywa wazi. Mmoja akacheka. Mama Akinyi akasimama akamwambia, "Mtoto wangu amerudi kwa miguu yake. Uko na swali?" Tukaendelea mpaka mlangoni kwake.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Alitaniwa sana. Lakini Haboba Zena alimwita jikoni kwake, akawa anapika naye, na katika kupika akaokota Kinubi chake. Miaka kadhaa baadaye Akinyi akasema anataka kwenda Juba, kule Sudan Kusini, kufungua hoteli ya chakula. Safari hii nilipomuuliza anaendea nini, alinijibu hadi sufuria atakazobeba. Alikuwa anaijua kazi, na lugha ya huko ilikuwa karibu na ile aliyojifunza jikoni. Tulimsindikiza hadi kwenye basi mimi na mama yake tu. Hakuna aliyeimba. Yuko huko hadi leo, na mwisho wa mwaka huja.

Mwanangu, juzi nilikusikia ukisema unataka kwenda majuu. Nikakuuliza wapi, ukasema popote. Nilishtuka. Popote si mahali. Sikukatazi safari; hata mimi wazee wangu walitoka Bungoma wakaja Nairobi. Ila usichague nchi kwa sababu ya miwani ya mtu. Ijue kazi yako kwanza, kisha utafute ni wapi inahitajika. Na safari ikikuharibikia, hata ikiwa ni pale pale mlangoni mwa ndege, rudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kicheko cha majirani huisha. Nasi tunaobaki, tupunguze vigelegele, tuwaachie watoto wetu njia ya kurudi.

Mungu akutangulie uendako, akupe mwajiri mwenye utu na jirani wa kukuita kwa jina lako halisi. Na kila utakaporudi, ukute mlango wetu haujafungwa.